Gari likisimama, nani analipwa?

Jumanne moja jioni mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Tabata na karatasi kaikunja mara nne mfukoni. Nikampakulia ubwabwa, hakugusa. Akaikunjua ile karatasi akainyoosha mezani kwa kiganja, ilikuwa fomu ya mafunzo ya udereva wa magari makubwa, na chini kabisa kaandika kwa kalamu hesabu zake mwenyewe: ada, chumba, chakula, lena, leseni.

"Shangazi, nusu ninayo. Nisaidie nusu nikachukue E, leseni ya malori."

Nikamuuliza baba yako anasemaje.

Akaangalia sahani. "Baba kakataa."

Nikamwambia nitakujibu wikiendi. Wikiendi ikapita, ikapita na nyingine, na sio kwamba hela sikuwa nayo, ilikuwepo kwenye kikoba na ningeweza kuitoa. Kuna kitu kilikuwa kinanikwaza na sikuweza kukitaja jina, nalala nacho naamka nacho, napanda nacho daladala mpaka kazini.

Leo naandika kwa sababu jina lake nimelipata.

Kaka

Kaka yangu kaendesha malori miaka 22. Alianza utingo, kufunga turubai, kuwekea gari vigingi vya magurudumu, kuosha kichwa cha lori, kulala juu ya mzigo, akaja kupewa usukani na mzee mmoja ambaye macho yalianza kumsumbua usiku. Njia yake kubwa ilikuwa Dar kwenda Lubumbashi, kama kilomita 2,000 kwenda tu, na mara nyingine anaendelea mpaka Kolwezi. Anapanda na salfa au bidhaa za kontena, anashuka na shaba.

Sasa hivi mgongo hauinami. Akitaka kufunga kamba za viatu anakaa kitandani anamuita mkewe.

Nilimpigia nikamuuliza kwa nini unamkatalia mtoto. Nilitegemea aniambie habari za ajali, mana ndugu wote tunajua aliyoyaona pale Kitonga na kwenye ule mteremko wa kuingia Mbalizi. Hakutaja ajali hata moja. Aliniambia neno moja tu, "Hesabu." Nikasema hesabu gani. Akasema njoo nikupe daftari.

Nikaenda Jumapili.

Daftari

Ni kaunta buku la zamani, jalada limetoka, limefungwa na mpira wa tairi la baiskeli. Kila safari ina ukurasa wake. Juu tarehe ya kutoka yadi, chini tarehe ya kurudi, katikati kila shilingi iliyotoka mfukoni kwake. Mikese, chai. Ruaha Mbuyuni, vitunguu vya nyumbani. Makambako, pancha. Mpemba, kuoga. Nakonde, laini ya simu ya Zambia. Alafu nikafika ukurasa mmoja ambao katikati kaandika kwa herufi kubwa neno KASUMBALESA na chini yake ameorodhesha siku, moja, mbili, tatu, mpaka tisa, na pembeni ya kila siku kuna vitu vilevile vinavyojirudia: maji, unga, mkaa, choo, maji, unga, mkaa, choo.

Siku tisa kwenye foleni ya mpaka wa Zambia na Congo.

Nikamuuliza sasa hizo siku tisa ulilipwaje. Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu.

Kwa wale ambao hawana dereva kwenye familia nieleze kidogo tu hapa. Mshahara wa dereva wa lori upo, ila ni mdogo, na kwa wengi haupo kabisa hasa ukiwa deiwaka, dereva wa kushikia tu asiye na ajira. Kinacholisha nyumba ni posho ya safari, na posho ni ya safari, sio ya siku. Unapewa fungu moja pale yadi, ile ndio kwenda na kurudi. Kwenye ile safari yenye foleni ya siku tisa kaka alipewa laki 8. Tajiri, yaani mwenye lori, alipiga hesabu ya siku 16, kwaiyo ni elfu 50 kwa siku, sio mbaya. Safari ikaenda siku 27. Laki 8 gawanya kwa 27 ni elfu 29 na kitu, na hapo bado hujatoa chakula chako, chakula cha utingo, hela ya utingo mwenyewe mana wengi wanalipwa na dereva, maegesho, pancha ndogondogo ambazo ukimpigia tajiri anakwambia malizana nayo tutaongea ukirudi.

Na barabarani hakuna siku ndogo. Kaka aliniambia Kasumbalesa huwezi kusema nimepaki nalala. Foleni inasogea saa nane za usiku, ukisinzia mwenzio anakupita, ukirudi unaanza ugomvi. Mzigo umefungwa siili, ukikutwa imekatwa ni wewe. Mafuta yakinyonywa usiku ni wewe. Kwaiyo mnalala kwa zamu, wewe na utingo, mmoja ndani ya kabini mwingine chini ya tela, siku tisa.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, na zikizidi kuna malipo yake ya ziada. Nilikuwa naijua hiyo sheria, ofisini kwetu imebandikwa ukutani. Sikuwahi kuiweka pembeni ya foleni ya mpakani.

Karatasi ninayoijua mimi

Hapa ndipo penye lile jambo lililokuwa linanikwaza.

Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, huu mwaka wa kumi na moja. Mizigo ya kwenda Congo na Zambia inapita mezani kwangu kila siku, kwa karatasi, mimi lori lenyewe silioni. Na moja ya karatasi ninazozishughulikia ni ankara za demareji za malori. Ziko hivi: mwenye lori anakubaliana na mwenye mzigo kwamba gari likifika mpakani au kwenye ghala la mteja, siku kadhaa za mwanzo ni za bure, zikizidi hapo kila siku gari linapokaa lina bei yake, kwa dola. Kazi yangu ni kuhakiki. Naangalia tarehe ya kufika, naangalia tarehe ya kuvuka au kushusha, natoa zile siku za bure, nazidisha zilizobaki, naweka tiki, inaenda kulipwa.

Nimeweka tiki hizo mara nyingi mno siwezi kuzihesabu.

Jumatatu baada ya kutoka kwa kaka nikakuta moja mezani. Gari limesimama Kasumbalesa siku 11, za bure zimetolewa, zilizobaki zinadaiwa. Nikaanza kuhakiki kama kawaida. Na ushahidi wa kwamba gari kweli lilisimama ulikuwa karatasi moja imechakaa kona, ina mhuri wa kuingia na mhuri wa kutoka, na chini ina sahihi ya dereva.

Sahihi yake. Yeye ndiye shahidi. Bila ile karatasi aliyoitunza siku 11 isilowe isipotee, tajiri wake asingeweza kudai hata senti.

Na katika ile hela, yeye hana hata senti.

Nilikaa nayo mbele yangu mpaka chai ikapoa. Miaka yote hiyo nilikuwa najua kabisa kwamba kusubiri kuna thamani, nilikuwa naizidisha kwa kikokotoo kila wiki. Mwenye gari akisubirishwa analipwa kwa sababu gari lake lingekuwa kwingine linazalisha. Ni haki, sina ugomvi nalo, gari lina mkopo benki na tairi zinachakaa. Ila ndani ya lile gari kuna mtu, na yeye pia angekuwa kwingine. Lile bati la kichwa cha lori muda wake unahesabiwa, wa mtu aliyelishika usukani hauhesabiwi.

Nilimuuliza mhasibu wa kampuni moja ya usafirishaji ambaye tunaongea naye sana kwenye simu, mtu mwema tu, nikamwambia samahani naomba nikuulize, hii demareji ikilipwa dereva anapata fungu gani? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Dereva ana posho yake dada."

E inafundisha nini

Tuongee sasa kuhusu leseni, mana ndio nilichoombwa.

Kijana ana leseni ya D tayari, ile ya magari madogo, na ana miaka mitatu ya utingo Dar–Tunduma. Anajua kila mzani kuanzia Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako mpaka Mpemba, anajua kwamba uzito wa mwisho gari na mzigo wake ni tani 56 na kwamba ekseli moja ikizidi mnaweza kulazwa hapo mpaka mzigo upangwe upya. Anajua kurudisha tela nyuma, ambako unakata usukani kushoto ili mkia uende kulia, alijifunzia yadi saa za usiku dereva wake akiwa kalala. Kinachokosekana ni karatasi.

Na njia za kupata karatasi ziko mbili, tusidanganyane. Ipo ya kwenda chuo, ukae darasani, upimwe macho, ukaendeshe mbele ya askari wa usalama barabarani, ufaulu, ndio uende TRA ukalipe 70,000 ya leseni ya miaka 5 wakuchukue picha na alama za vidole. Na ipo ya mtu anakwambia nipe kiasi hiki utaletewa cheti nyumbani. Mpwa wangu alishapelekewa hiyo ya pili, na ilikuwa bei rahisi kuliko chuo. Akaikataa. Aliponiambia hivyo ndipo nikaanza kumuona kama mtu mzima.

Kwanini aliikataa? Alisema kuna siku walikuwa wanashuka Kitonga wanarudi na shaba, dereva aliyekuwa naye akaweka niutro, gari likashuka bila gia, ili kuokoa mafuta. Breki zikaanza kunuka. Yule dereva alikuwa na leseni, ila hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamueleza kwamba breki za upepo ukizikanyaga mfululizo kwenye mteremko upepo unapungua na ngoma zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki tena, na kwamba gari zito linashikwa na injini, gia ndogo unayoiingiza ukiwa bado juu, mana ukishaanza kukimbia gia haiingii. Walipona kwa sababu palikuwa na sehemu ya kupaki pembeni na yule dereva aliwahi.

Lakini jiulize pia kwa nini aliweka niutro. Mafuta yanayobaki kwenye tenki yanauzwa. Lita 40 njiani ni hela ya siku kadhaa za foleni ambazo hakuna aliyemlipa. Simtetei, angeua watu. Nasema tu kwamba pale kwenye ule mteremko posho ilikuwa imekaa na yeye ndani ya kabini.

2015

Nilivyokuwa nawaza haya nikakumbuka mgomo wa Aprili 2015, ule wa mabasi na malori, Ubungo pale watu wamelala na mabegi yao. Wengi tunaukumbuka kama mgomo wa mabasi tu kwa sababu sisi abiria ndio tuliokwama. Madereva walikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza lilikuwa lile agizo la kwamba kila leseni ikiisha dereva arudi chuo kwanza, kwa gharama yake, ndio ihuishwe. La pili, mikataba ya ajira. Mwezi Mei wakagoma tena.

Agizo la kurudi chuo likaondolewa. Kwenye mikataba ndipo maneno yakawa mengi.

Kaka wakati ule alikuwa barabarani, walipaki Mikumi. Nilimuuliza Jumapili ile, mbona suala la leseni liliisha haraka hivyo na la mkataba likabaki? Akasema leseni ni kati ya dereva na serikali, serikali ikiondoa imeondoa. Mkataba ni kati ya dereva na tajiri, na tajiri mwenye malori manne ukimwambia mkataba anakwambia shuka gari, nje ya geti kuna vijana kumi wana E.

Vijana kumi wana E.

Hilo neno ndilo lililonifanya nichelewe tena wiki nzima. Mana nikimlipia huyu nampeleka kwenye lile geti awe wa kumi na moja. Nikiacha kumlipia anabaki utingo, analala chini ya tela, analipwa na dereva ambaye mwenyewe hajalipwa. Nilizunguka na hilo swali kama gari lililopotea ndani ya Kariakoo. Kuna usiku niliamua kumpa hizo hela afungue duka la vocha, asubuhi nikaona aibu, nani aliyeniomba duka? Mtoto kaniomba kitu kimoja, anakijua, anakipenda, ukimsikia anavyoongelea kupanda Kitonga na mzigo mzito, jinsi anavyotaja gia moja moja, utajua kabisa hakuna duka hapo.

Nilichomwambia

Nilimuita tena, safari hii ubwabwa alikula.

Nikamwambia nitalipa, sio nusu, nitalipa ada yote ya chuo cha ufundi cha VETA Kihonda pale Morogoro, na zile nusu zake azitunze, zitamsaidia kipindi cha kutafuta gari. Ila nikamuwekea mbele daftari la baba yake. Hakuwahi kuliona, miaka yote lilikuwa kabatini kwao. Tukakaa nalo kama saa mbili. Nilimuonyesha na karatasi yangu ya demareji, nimeficha majina, nikamfundisha kuisoma: hizi siku za bure, hizi zinazolipwa, hapa sahihi yako.

Nikamwambia siku utakayokaa mbele ya tajiri, kabla ya kuuliza posho ni kiasi gani, uliza posho ni ya siku ngapi. Uliza zikizidi je. Uliza utingo analipwa na nani. Uliza upungufu wa mzigo unakatwa kwa nani na kwa ushahidi upi. Uliza NSSF. Omba iandikwe.

Akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelijibu hata mimi: "Shangazi, akiniambia shuka gari?"

Nilinyamaza. Mimi nina meza, nina kiti, nina mkataba kwenye faili. Ni rahisi mimi kumwambia mtu aulize.

Nikamwambia ukweli, sijui. Inawezekana gari la kwanza utalipanda bila maandishi, kama alivyolipanda baba yako. Ila uwe na daftari. Andika kila siku uliyosimama na mahali uliposimama, piga picha kila mhuri. Na wenzio mkikaa pale foleni siku tisa mnapika ugali pamoja, muwe mnaongelea na hili, mana siku mkiwa wengi mnaouliza swali moja, geti litakuwa halina mtu nje.

Na mimi upande wangu nimeanza kitu kidogo. Mteja wetu mmoja anaandaa mkataba mpya wa usafirishaji, na rasimu ilipita kwangu niangalie vipengele vya siku za bure. Nikaongeza sentensi moja, kwamba sehemu ya demareji ilipwe kwa dereva na ithibitishwe kwa sahihi yake mwenyewe. Nikaipeleka kwa bosi. Aliisoma mara mbili, akaniuliza hii imetoka wapi, nikamweleza, kuanzia ubwabwa mpaka daftari. Hakuifuta. Kaizungushia duara kwa kalamu nyekundu akasema tutaona wenye malori watasemaje. Mpaka naandika hapa bado iko kwenye duara lake.

Kihonda

Kijana ana wiki ya pili chuoni. Kachukua chumba na mwenzake anayetoka Kilosa, anapika mwenyewe, hela ya matumizi ananitumia hesabu yake kila Ijumaa ingawa sikumuomba.

Kaka hakunipigia tangu nimwambie nimemlipia mtoto. Nilijua kakasirika na nilimuacha, ana haki yake. Mkewe aliniambia tu kwamba siku ile nimerudisha daftari alilichukua akaenda nalo uani, akakaa nalo mpaka magharibi.

Jana saa tatu usiku simu ikaita, ni yeye. Hatukusalimiana vizuri hata.

"Wamefika wapi?"

Nikasema nani.

"Mtoto. Wameshafika kwenye breki?"

Nikamwambia bado kaka, kaniambia wiki hii wako kwenye alama za barabarani, breki ni wiki ijayo.

Akakaa kimya, nikawa nasikia redio yao kwa mbali.

"Mwambie Jumamosi aje," akasema. "Aje na kalamu."